Debe Tupu la Grenoble

Anaanza na mizani. Kioo cha silika kimesagwa kikawa chenga, na mtafiti anakimimina kidogo kidogo kwenye kopo la alumini, ileile ya sufuria zetu ila nyembamba, huku akiligongagonga kwa ukucha ili chenga zishuke. Halijazi kwa pupa. Anataka nyutroni moja hivi kati ya kumi zitakazorushwa kwenye kioo ndiyo itawanywe. Akizidisha, nyingi zitagonga mara mbili na habari zitachanganyika.

Hapa ni Institut Laue-Langevin, Grenoble, Ufaransa, penye kinu cha nyuklia kilichowashwa 1971. Nyutroni hutoka kinuni na mbio zisizolingana. Kwenye chombo kiitwacho IN5, visahani vyenye mwanya mwembamba huzunguka kwa kasi na kupitisha zile tu zenye mwendo uliochaguliwa, tuseme mita 790 kwa sekunde.

Atomu za kioo hazikujipanga safu kama za chumvi, wala hazitulii. Nyutroni ikikutana na atomu inayotikisika huongezewa mwendo au hupunguziwa, kisha huruka mita 4 hadi kwenye ukuta wa mirija ya heliamu-3 inayozihesabu nyutroni. Isiyobadilishwa mwendo hufika baada ya takriban sehemu 5 kati ya 1,000 za sekunde. Iliyowahi ilipewa nguvu, iliyochelewa ilinyang'anywa. Humo ndimo huonekana mitikisiko ya ziada ya kioo, yapata trilioni moja kwa sekunde, ambayo wanafizikia wangali wanabishania chanzo chake.

Saa zinapita. Ndipo anapolitoa kopo na kuweka jingine kama lile, lisilo na kitu, na kulipima kwa saa nyingi vilevile. Halafu kipande cha vanadiamu, kinachotawanya nyutroni pande zote karibu sawa, ili ajue mrija upi unahesabu pungufu ya mwenzake. Mimi ningeshachoka.

Debe tupu haliachi kuvuma; huyu hulisikiliza makusudi, apate kuutoa uvumi wake kwenye sauti ya kioo. Wala hautoi wote. Kopo likiwa na kioo ndani, ukuta wake wa nyuma hukaa kivulini na kupata nyutroni chache zaidi, hivyo uvumi wake hupungua. Anakokotoa kivuli hicho kwanza, pembe kwa pembe, ndipo anapotoa. Mwanagenzi akisahau hatua hiyo, hukata na sehemu ya kioo chenyewe.