Nyambizi Mbele ya Pango la Silikanti: Namna ya Kupaka Rangi Maji Yasiyokuwepo

Anayeunda modeli ya nyambizi iliyo chini ya bahari ana kazi mbili. Ya kwanza ni chombo chenyewe, na hiyo ni kazi ya mkono: mbao, pati, msasa na subira. Ya pili ni maji, na maji hayo hayapo. Mtazamaji anatakiwa aone kina cha bahari ndani ya sanduku kavu. Wengi humaliza nguvu zote kwenye chombo, halafu bahari wanaifanyia haraka: ukuta wa nyuma unapakwa buluu, chini yanamwagwa makombe na simbi, basi. Kinachoonekana ni nyambizi iliyoegeshwa chumbani.

Modeli ninayoichambua hapa niliiunda Pande, kusini ya Kilwa Masoko, pwani inayotazamana na kisiwa cha Songo Mnara. Ni nyambizi ya kubuni, ya watu wawili, imesimama mbele ya pango na taa yake inamulika silikanti. Tangu mwanzo niliamua jambo moja: ndoto yote iwe kwenye chombo, bahari ibaki ya kweli. Ukibuni chombo ukabuni na bahari, mtazamaji anakosa pa kushika, na hata ufundi mzuri unageuka mchezo wa rangi.

Silikanti hakuchaguliwa kwa urembo. Wataalamu walidhani samaki huyu alitoweka zamani za dinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Aliyemtambua kuwa si samaki wa kawaida alikuwa Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, na J.L.B. Smith akampa jina la kitaalamu. Mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake walishuka kwa nyambizi ndogo iitwayo GEO kwenye maji ya Ngazidja, Komoro, wakampiga picha akiwa hai makwao kwa mara ya kwanza. Halafu mwaka 2003 silikanti akanaswa hapa hapa, maji ya Songo Mnara, akawa wa kwanza kujulikana Tanzania. Wengi waliofuata walipatikana Tanga, ambako hifadhi ya bahari yenye jina lake ilitangazwa mwaka 2009. Kwa hiyo mtu wa Kilwa anayetaka kuunda nyambizi na kiumbe wa ajabu mbele yake hana haja ya kuagiza pweza mkubwa kutoka kwenye riwaya za Ulaya.

Hata hivyo riwaya hizo zina somo la vipimo. Jules Verne aliipa Nautilus, nyambizi ya riwaya yake, urefu wa mita 70. Kwa skeli ya 1:35, hiyo ni modeli ya mita 2 kamili; ukiipunguza ienee mezani, samaki wa mita moja na nusu anakuwa kipunje. Mimi nilitaka samaki aonekane mapezi. Kwa 1:35 silikanti wa mita moja na nusu anakuwa na milimita 43, mtu mzima anakuwa na karibu milimita 49, na nyambizi ya mita 7 inatoka sentimita 20. Skeli imechaguliwa kwa ajili ya samaki, na chombo kikamfuata.

Umbo la chombo lilihitaji sababu. Harper Goff, aliyebuni Nautilus ya filamu ya Disney ya mwaka 1954, aliipa sura ya mnyama mkali, miiba mgongoni na macho ya kuwaka, kwa sababu katika hadithi mabaharia wanaidhania dubwana. Sura ile ina hoja, ndiyo maana haijachakaa. Hoja yangu ilikuwa: waunda vyombo wa pwani hii wangeunda nini kama wangepewa kazi ya kushuka mita 150? Gubeti lililoinuka kama shingo nikalichukua kwenye mtepe, chombo cha zamani cha Waswahili, pamoja na macho yaliyochorwa pande mbili za omo. Nyuma ya hapo kiwiliwili ni duara tupu. Kina hicho hakina mjadala: kila mita 10 zinaongeza kanieneo ya angahewa moja, na kwa mita 150 kila sentimita ya mraba inabeba takriban kilo 16. Ubavu bapa ungebonyea. Mtepe wenyewe ulikuwa mbao zilizoshonwa kwa kamba, kwa hiyo mistari ya mishono niliichora juu ya duara kama pambo. Mtazamaji mwenye jicho anajua kwamba kamba haishiki kanieneo hiyo, na haambiwi kwamba inashika.

Kiwiliwili ni mwembe, mti ule ule wanaochongea ngalawa. Unakubali patasi na haupasuki ovyo ukikauka vizuri. Ubaya wake ni vinyweleo: usipoviziba kwa pati nyembamba na kusugua, kisha kurudia, rangi ya mwisho inatangaza kwamba hii ni mbao. Dirisha la mbele ni kitako cha chupa ya dawa ya plastiki angavu. Mishono nilichimba kwa sindano iliyochomekwa kwenye kishikio, nikifuata rula ya kadi laini iliyozungushwa kiwiliwili. Hapo mkono usikimbie, maana tundu likienda kombo moja, jicho linaenda moja kwa moja pale.

Sasa maji. Mwanga ukiingia baharini haushuki wote. Wekundu ndio unaomezwa kwanza. Ukifika mita 10 sehemu yake kubwa imeshakwisha. Rangi ya chungwa inafuata, halafu manjano, na buluu ndiyo inayokwenda mbali. Mzamiaji akijikata kidole kwenye tumbawe mita 20 chini, damu anayoiona ni ya kijani kilichoiva, karibu nyeusi. Kwenye mita 150 mwanga wa jua uliosalia ni hafifu na ni wa buluu peke yake. Maana yake kwa mpaka rangi ni hii: nje ya taa ya nyambizi hakuna nyekundu, hakuna manjano, hakuna kahawia. Ndani ya taa zote zinarudi. Kitu kimoja kinapakwa mara mbili, kila upande kwa sheria yake.

Ndiyo sababu nikalipaka tumbo la nyambizi jeupe. Majahazi yetu hupakwa deheni chini, chokaa na mafuta, na weupe ule kila mtu wa pwani anaujua. Weupe hauna rangi ya kushindana na maji. Unapokea mwanga ulioko. Nilianza na praima nyeusi chombo kizima. Kisha nikapuliza buluu iliyochanganywa na kijivu kutoka juu tu, kopo likiwa mbali, ili vitone vitue mgongoni na kwenye mabega, tumbo libaki gizani. Deheni ikaja mwisho kwa brashi kavu: kwenye omo, karibu na taa, weupe wenye tone la manjano, kuelekea tezi, buluu-kijivu inayozidi kuzama. Macho ya mtepe yana duara jekundu. Lile lililo upande wa pango, linalopata mwanga unaorudi kutoka kwenye mwamba, ni jekundu kweli. La upande wa pili nimelipaka hudhurungi iliyokaribia weusi. Waliosimama mbele ya sanduku hawaelezi tofauti hiyo, lakini wanasema upande ule uko mbali zaidi. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Ukungu wa maji ni tatizo jingine. Baharini kitu kikiwa mbali hakipungui ukubwa tu, kinapoteza pia makali yake. Lakini sanduku la kina cha sentimita 40 kwa skeli hii ni mita 14 tu, na ndani ya hizo inabidi kueleza umbali mkubwa zaidi. Watengenezaji wa filamu ya The Hunt for Red October ya mwaka 1990 waliitatua kwa moshi: modeli za nyambizi zilining'inizwa kwenye waya katika studio kavu iliyojazwa moshi, na moshi ukawa bahari. Sandukuni moshi haukai, kwa hiyo nikatumia chandarua. Kipande kimoja kimekazwa kati ya nyambizi na mwamba wa nyuma, kingine nyuma yake. Matundu yakilingana yanatoa mawimbi ya ajabu machoni. Kipande cha pili kinageuzwa kidogo mshazari na mawimbi yanakufa. Ukuta wa nyuma umepindwa bila pembe, maana pembe ikionekana tu, bahari imekwisha.

Hata mwali wa taa ni chandarua: pembetatu nyembamba kutoka kwenye taa hadi mwamba, imeguswa nyeupe kwa brashi kavu, nzito penye taa na kuyeyuka kadiri inavyokwenda.

Mwamba ni lile povu jeupe gumu linalofungashia televisheni. Nililikata kwa kisu. Kulichoma kunatoa moshi wenye sumu. Kabla ya rangi ya kupuliza lazima livikwe gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi, la sivyo tina iliyomo kwenye rangi inalila lote. Tumbawe halisi sikugusa. Mbali na kwamba halipaswi kuvunjwa, linaharibu skeli, na pia haliko mahali pake: matumbawe yajengayo miamba yanahitaji jua, na kwenye kina hiki ukuta una sponji, vipepeo vya bahari na mashapo. Sponji nilichonga kwenye soli za ndala, vipepeo ni mizizi myembamba ya nyasi iliyobanwa kitabuni. Mchanga wa ufukweni nao haufai, punje ya nusu milimita kwa 1:35 ni jiwe la karibu milimita 18. Nilitandaza vumbi la msasa lililochekechwa kwa kitambaa.

Hapa niseme kwa mkazo jambo ambalo naliona likiharibu kazi nzuri: vanishi ya kung'aa. Watu huipaka kwenye mwamba na samaki ili vionekane vimelowa. Kitu huonekana kimelowa kikitolewa majini, kwa sababu ya utando wa maji unaokutana na hewa. Kikiwa ndani hakina mng'ao huo. Kila kitu sandukuni ni rangi kavu isipokuwa dirisha la nyambizi.

Silikanti amechongwa kwa kijiti cha mwembe, mapezi ni plastiki ya chupa ya maji. Mapezi yake mengi yana shina la nyama, na mkia una sehemu tatu. Ukivikosa hivyo umechonga chewa. Mwili ni buluu ya chuma, na madoa meupe nimeyaweka kwa ncha ya kijiti cha meno, bila mpangilio, maana kila silikanti ana madoa yake peke yake. Madoa hayo hayo nimeyatawanya kwenye ukuta wa pango, kwa sababu ndivyo anavyojificha: anafanana na mwamba wenye chaza na sponji. Mtazamaji huona pango kwanza, samaki baadaye.

Taa ni mbili. Juu kuna LED za buluu nyuma ya karatasi ya kuchujia mwanga, hafifu. Ndani ya omo kuna LED moja ya manjano iliyotolewa kwenye tochi. Ikizidi nguvu, kivuli cha chandarua kinatokea ukutani, kwa hiyo nimeifunga kipingamizi cha umeme hadi kivuli kilipotoweka. Kioo cha mbele kimeinamishwa kidogo kwa nje upande wa juu ili kiakisi sakafu ya chumba badala ya dirisha. Sanduku linawekwa kwenye usawa wa macho ya mtu aliyeketi, maana ukilitazama kwa juu unaona LED za buluu na pembetatu ya chandarua inavyokatika ubavuni.