Mohamed Yupi?

Nianze kwa kukiri kosa. Siku moja tukibishana kuhusu vitabu kibarazani, niliapa kwamba Utengano na Nyota ya Rehema ni vya mtu mmoja. "Si Mohamed huyo huyo, bwana!" Jamaa walinicheka mpaka nikaomba maji.

Kumbe Mohamed Suleiman Mohamed ndiye mwenye Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Said Ahmed Mohamed ni mwingine kabisa: Asali Chungu (1977) na Utengano (1980). Wote Wazanzibari, lakini hilo jina la mwisho halithibitishi undugu. Kwa desturi ya kule mtu hutaja jina lake, la baba, kisha la babu. Basi wewe panga kadi za maktaba kwa jina la mwisho uone wajukuu wa watu wanavyogeuzwa ndugu!

Ila si jina tu lililoniponza. Vitabu vyote viwili vina binti anayeikimbia nyumba ya baba. Rehema anamkimbia Fuad, baba asiyempenda. Maimuna anamtoroka Maksuudi, baba aliyemfungia ndani. Baada ya hapo njia zinaachana. Mohamed Suleiman hana haraka: anamfikisha Rehema kwa Sulubu, mkulima, na mapenzi yao yananukia udongo. Said Ahmed hana subira hiyo. Anamtumbukiza Maimuna katika ulevi na umalaya, na Maksuudi naye anaporomoka. Kwangu mimi Utengano kinachoma zaidi, ingawa mahali pengine mwandishi anatuhutubia. Nyota ya Rehema ndicho ninachokirudia nikitaka kujifunza kazi.

Halafu yuko Fuad. Adam Shafi naye alimpa bwana shamba wake jina hilo hilo katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Sisemi kaiba, jina ni la watu. Lakini tukilisikia Fuad tunamchukia mtu kabla hajafungua mdomo, na Mwinyi Fuad ananufaika mno na hilo. Kijakazi, mtumishi wake, ndiye anayekibeba kitabu kile.

Nasema hivi kwa uchungu. Katika riwaya ninayoiandika, mwenye nyumba katili aliitwa Fuad. Juzi nimemwita Juma. Sura nzima imelala, maana nilipoisoma tena sikuona ubaya wowote aliowahi kuutenda.