Sifa ya Wanaobuni Dunia Nyingine

Kubuni mashine ni kazi nyepesi. Mwenye kalamu yeyote anaweza kurusha meli angani au kuipa roboti akili. Ufundi ninaousifu huanza mashine ikishabuniwa, pale mwandishi anapoifuata hadi majumbani mwa watu na kuuliza: nani anaiunda, nani anaigharimia, na nani kesho ataamka na nguvu ambazo jana hakuwa nazo?

Nisi Shawl wa Marekani ameuonyesha ufundi huo katika riwaya ya Everfair ya mwaka 2016. Riwaya hiyo inasimama juu ya historia ya kweli, tena chungu. Mwaka 1888 John Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo, na viwanda vikaanza kuulilia mpira. Kongo, iliyokuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kuanzia 1885 hadi 1908, ilikuwa na mpira msituni. Vijiji vikapangiwa kiasi cha kuleta, na walioshindwa wakaadhibiwa kwa bunduki. Askari wa Leopold alidaiwa kiganja cha aliyeuawa kwa kila risasi aliyotumia. Aliyeimalizia risasi kwenye uwindaji, alikwenda kumkata aliye hai. Baiskeli ikawa laini barabarani Ulaya, na gharama yake ikalipwa na mikono ya Wakongo.

Shawl anaigeuza historia hiyo. Wajamaa wa Jumuiya ya Fabian ya Uingereza na wamisionari Wamarekani Weusi wananunua ardhi kwa Leopold ili wanaoteswa wapate pa kukimbilia. Mitambo ya mvuke inastawi kabla ya wakati wake, mitumbwi ya angani inapita juu ya msitu, na waliokatwa viganja wanaundiwa vya chuma. Binti mmoja, Fwendi, anakua na mkono wa namna hiyo, na kuna mikono mingine iliyofichwa silaha ndani. Ona jinsi fundi alivyochagua: teknolojia ile ile ya karne iliyokata mikono ndiyo inayoirudisha, kwa sababu safari hii iko kwa waliokatwa.

Hata hivyo Shawl hadanganyi kwamba mashine inamaliza kila shauri. Ardhi aliyoiuza Leopold ilikuwa na mwenyewe, Mfalme Mwenda, ambaye hakuulizwa. Mitumbwi ya angani inasaidia kumshinda mkoloni, lakini haiwezi kuamua nchi ni ya nani. Wakombozi na wenyeji inawabidi wakae kitako wajibizane. Uaminifu huo ndio unaonifanya niivulie kofia kazi hii.

Leo kobalti ya Kongo imo kwenye betri za simu na za magari ya umeme duniani kote, na maswali ya zama za mpira yamerudi mezani. Tunawahitaji waandishi wa Kiswahili wa Lubumbashi na Kolwezi, wanaoyajua machimbo kwa majina, watubunie Kongo nyingine ambamo mchimbaji ana kauli juu ya betri. Jambo likishawazika kwa ukamilifu hivyo, anayedai kwamba haliwezekani hana budi kutoa sababu.