Shilingi elfu arobaini kwa mkupuo: fedha taslimu zinavyogeuka riziki Busia na Tororo

Msaada wa fedha taslimu ni fedha zinazotumwa moja kwa moja kwa familia, bila deni na bila sharti la matumizi. Hakuna mtu wa kati anayeamua kwa niaba ya familia kama inahitaji mbuzi, mbegu au blanketi. Ili kuelewa jinsi fedha hizo zinavyojenga riziki katika eneo la Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, inafaa kuanza na kalenda ya shamba, kwa sababu humo ndimo umaskini wa eneo hili ulimojificha.

Pande zote mbili za mpaka, familia nyingi za vijijini huishi kwa shamba dogo la mahindi, muhogo, mtama na wimbi, kuku wachache, na kibarua katika mashamba ya wengine. Mvua hunyesha misimu miwili. Mahindi yanapokauka, ada ya shule na deni la duka huwa tayari vimebisha hodi, hivyo gunia huuzwa wakati kila jirani anauza na bei iko chini. Miezi michache baadaye familia ileile hununua mahindi kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia nafaka, bei ikiwa imepanda. Katika eneo la Webuye, kwenye kaunti jirani ya Bungoma, watafiti Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel waliona kwamba bei hupanda kwa takriban asilimia 25 hadi 40 kati ya mavuno na miezi ya upungufu. Wakulima waliokopeshwa kiasi kidogo wakati wa mavuno walihifadhi mahindi yao, wakauza baadaye na kupata faida. Maarifa walikuwa nayo tangu zamani. Walichokosa ni fedha za kuvukia miezi michache.

Mbolea hufuata kalenda hiyohiyo. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio na wakulima wa Busia, Kenya, wakaonyesha kwamba nusu kijiko cha mbolea ya kukuzia kwa kila shina la mahindi hulipa vizuri. Hata hivyo wengi hawakuitumia, kwa kuwa msimu wa kupanda ulifika fedha za mavuno zimekwisha. Mbolea ilipouzwa mara tu baada ya mavuno, na kufikishwa nyumbani bila malipo ya usafiri, wanunuzi waliongezeka. Wanaowashutumu wakulima hawa kwa uzembe wangefaa kuutazama ushahidi huo kwa makini.

Njia ya kufikisha fedha ilifunguka huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kampuni ya MTN ilipoanzisha huduma kama hiyo Uganda mwaka 2009. Shirika la misaada la GiveDirectly lilijenga utaratibu wake juu ya huduma hizo magharibi mwa Kenya, kisha likavuka mpaka na kufanya kazi Tororo pia. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza na mgumu kuusimamia. Kwanza kijiji huhesabiwa nyumba kwa nyumba. Kisha familia zinazostahili husajiliwa, na asiye na simu au laini husaidiwa kuipata. Baadaye watumishi wengine, tofauti na wale wa kwanza, hurudi kuhakikisha kwamba nyumba ipo na mwenyewe ndiye. Fedha zikishaingia, mpokeaji huzitoa kwa wakala, na watumishi humpigia kuuliza kama zilifika zote na kama kuna aliyemdai kipande. Swali hilo la mwisho lina uzito zaidi kuliko linavyosikika, maana wizi katika misaada ya namna hii huingilia kwa wakala au kwa mtumishi anayemfahamu mpokeaji asiyejua kusoma ujumbe wa simu.

Katika mradi mkubwa wa GiveDirectly uliotekelezwa kuanzia mwaka 2014 katika kaunti ya Siaya, inayopakana na Busia upande wa kusini, kila familia iliyochaguliwa ilipata shilingi 87,000 za Kenya, karibu dola 1,000 za wakati huo. Zililetwa kwa awamu 3: kwanza 7,000 za kujaribu kama njia inafanya kazi, baada ya miezi 2 zikaja 40,000, na baada ya miezi 6 mingine 40,000 tena. Mpangilio huo una hekima yake. Elfu saba humwondolea mtu shaka. Miezi miwili humpa nafasi ya kuuliza bei ya ndama, kupima shamba la kukodi, na kubishana na mwenzake nyumbani. Elfu arobaini zinapofika, mengi yameshaamuliwa.

Kigezo cha kuchagua kilikuwa paa: nyumba iliyoezekwa kwa nyasi ilistahili, ya mabati haikustahili. Ni kigezo kinachoonekana na kila mtu na hakihitaji karatasi, lakini kilikuwa na kasoro. Mjane aliyeachiwa mabati na mumewe anaweza kulala njaa chini yake. Tena mtu akishakijua kigezo, huweza kujiandikisha katika kibanda cha jikoni. Baadaye GiveDirectly ilielekea kulipa kijiji kizima, jambo lililopunguza pia manung'uniko kati ya majirani.

Paa hilohilo ndilo jambo la kwanza ambalo familia nyingi hulitengeneza, na hapa wachambuzi wengi wa mjini hukosea wanapoliita matumizi ya anasa. Nyasi za kuezekea hubadilishwa kila mwaka mmoja au miwili. Mtu huzikata mbali au huzinunua, hulipa mwezekaji, na zikichelewa mvua humwagika juu ya magunia ya chakula. Mabati hudumu miaka mingi. Huzuia mahindi yasioze, na hukinga maji ya mvua ambayo vinginevyo mama na binti zake wangeyafuata kisimani. Jumla ya fedha zilizokuwa zikizama katika nyasi kila mwaka hurudi mfukoni kila mwaka. Familia yenye ghala kavu ndiyo inayoweza kusubiri bei ya mahindi ipande.

Je, fedha zije kwa mkupuo au kidogo kidogo? Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walilipima swali hilo Rarieda, Siaya, kati ya 2011 na 2013. Waliopata malipo ya kila mwezi walikula vizuri zaidi. Waliopata mkupuo walinunua vitu vya kudumu, mabati yakiwa mbele. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Utafiti mwingine ulioanza baadaye Siaya na Bomet ulilinganisha makundi 3: waliopata shilingi 2,250 kila mwezi kwa miaka 2, walioahidiwa kiasi hichohicho kwa miaka 12, na waliopewa mkupuo wa karibu dola 500. Biashara mpya zilichipuka zaidi kwa kundi la mkupuo na la miaka 12 kuliko kwa kundi la miaka 2. Kundi la miaka 12 lilikuwa na mbinu yake: watu waliingia kwenye vyama vya kuzungushiana fedha, kila mmoja akisubiri zamu yake, hivyo malipo madogo yakageuka mkupuo. Wenyeji walikuwa na chombo hicho kabla ya mtafiti yeyote kufika.

Mtaji mkononi hutafuta soko, na mpaka ni soko. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa huku, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu kutoka boda ya nchi moja hadi boda ya nyingine. Wanawake huvusha nafaka, nyanya, mitumba na dagaa kati ya miji miwili yenye jina moja la Busia, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2018. Mchuuzi wa namna hii hafungwi na ufundi wala cheti, hufungwa na ukubwa wa mzigo anaoweza kuulipia asubuhi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walionyesha jambo linalofanana na hilo katika soko la Bumala, kaunti ya Busia. Waliwafungulia wachuuzi akaunti za akiba zisizo na riba na zenye ada ya kutoa fedha. Kwa hesabu ya karatasi akaunti hizo zilikuwa hasara, lakini wanawake wengi wa sokoni walizitumia na wakawekeza zaidi katika biashara zao. Fedha iliyo nyumbani ina wadai wengi: shemeji mgonjwa, matanga, mtoto wa ndugu aliyefukuzwa kwa ada. Ndiyo sababu mkupuo unaoingia kwenye simu ya mwanamke mwenyewe, yenye namba ya siri, humsaidia kupanga kabla ya kuombwa.

Majirani nao huguswa. Huko Siaya, Dennis Egger na wenzake walifuatilia vijiji 653 wakakadiria kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha karibu dola 2.5 za shughuli za uchumi katika eneo hilo, huku bei zikipanda kwa kiasi kidogo mno. Fundi wa mabati, mwenye duka na mwenye kinu cha kusagia nafaka walipata wateja. Katika vijiji hivyo, uchambuzi uliotolewa mwaka 2025 ulionyesha vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa karibu nusu, hasa karibu na vituo vya afya. Akina mama walipunguza kazi nzito miezi ya mwisho ya ujauzito.

Mipaka ya msaada huu ipo. Imani si jambo la kudhaniwa: katika kaunti ya Homa Bay, Kenya, mwaka 2015 karibu nusu ya familia zilikataa fedha kwa uvumi kwamba zilikuwa za mashetani. Uganda ilipoweka kodi kwenye fedha za simu Julai 2018, ambayo baadaye ilibaki asilimia 0.5 ya kila kiasi kinachotolewa, sehemu ya msaada ilianza kuliwa njiani. Ng'ombe, ambaye ni akiba inayopendwa Tororo na Busia, anaweza kufa kwa nagana inayoletwa na mbung'o, na mtaji wote ukazikwa naye. Mpango wa Maendeleo ya Parokia wa serikali ya Uganda, uliozinduliwa wilayani Kibuku Februari 2022, hutoa shilingi milioni 1 za Uganda kwa familia, lakini ni mkopo wa riba ya asilimia 6, na anayekopa huikwepa hatari ambayo anayepewa angeithubutu.

Muda nao hupunguza tofauti. Kaskazini mwa Uganda, vijana waliopewa takriban dola 400 kila mmoja mwaka 2008 walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 38 baada ya miaka 4. Kufikia mwaka wa 9, wenzao ambao hawakupewa walikuwa wamewafikia kwa kipato, wakijitafutia njia polepole. Waliopewa walibaki mbele kwa vitu viwili: mali za kudumu nyumbani, na kazi ya ufundi mkononi.