Njia Mbili, Hatima Moja: Uhakiki wa Dhana ya Uelekezaji Upya wa Mawasiliano katika RFC 7432 kwa Kuzingatia Mazingira ya Mtwara

Ikisiri

Uhakiki huu unachunguza namna waraka wa kiufundi uitwao RFC 7432, uliochapishwa Februari 2015, unavyoitazama hitilafu ya vifaa katika mitandao pepe binafsi ya Etheneti (EVPN), na namna unavyoelekeza mawasiliano yapite kando ya kifaa kilichokufa. Hoja inayotetewa ni kwamba waraka huo ni hodari katika kueleza kifo cha kifaa au cha kiungo kimoja, lakini umejengwa juu ya dhana ambayo hauitamki: kwamba njia mbili zilizo tofauti katika jedwali ni njia mbili zilizo tofauti ardhini. Hoja hiyo inapimwa kwa mazingira ya Mtwara na kwa matukio ya mwaka 2024 katika mwambao wa Afrika Mashariki. Mwishoni unajadiliwa mchango wa istilahi za Kiswahili katika kuuficha au kuufichua upungufu huo.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Methali hii hutumika kumwonya mtu anayetaka mambo mawili kwa wakati mmoja, akaishia kukosa yote. Wahandisi wa mitandao wamejenga taaluma yao juu ya kauli iliyo kinyume chake: asiye na njia mbili hana njia. Hata hivyo, kauli hizo mbili hazipingani kama inavyodhaniwa. Fisi hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa sababu hakuwa na kanuni ya kuchagua. RFC 7432, iliyohaririwa na Ali Sajassi na kuandikwa naye pamoja na wenzake sita, kwa kiasi kikubwa ni jitihada ya kumpatia fisi kanuni hiyo.

Mtwara ni mahali panapofaa kuupimia waraka huu. Mji huo haupokei moja kwa moja kebo za baharini za kimataifa zinazoihudumia nchi. Seacom iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010 zote hutia nanga Dar es Salaam, na kusini hufikiwa kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na kwa mitandao ya kampuni za simu. Kwa mantiki hiyo, mtumiaji aliyeko Mikindani, Msimbati au katika vijiji vya mdomo wa Ruvuma hukaa mwishoni mwa mnyororo mrefu. Aidha, mambo yanayopita katika mnyororo huo si madogo. Minada ya korosho, zao ambalo ndilo uti wa mgongo wa uchumi wa mkoa, imeanza kuendeshwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mtandao unapokatika siku ya mnada, anayesubiri ni mkulima ambaye korosho zake zimo ghalani na bei yake haijulikani.

2.0 Matini na Misingi Yake

Msingi wa EVPN ni rahisi kuueleza. Mteja mmoja, kwa mfano hospitali au ghala, huunganishwa na vifaa viwili vya ukingoni vya mtoa huduma badala ya kimoja. Viungo hivyo viwili hupewa kitambulisho kimoja, ili mtandao mzima ufahamu kuwa ni milango miwili ya nyumba ileile. Vifaa vya ukingoni hutangaziana kwa itifaki ya BGP mambo ya aina mbalimbali, na matatu kati yake yanahusu mjadala huu. Tangazo la aina ya kwanza husema, "mlango huu ninao mimi." La aina ya pili husema, "anwani hii ya MAC inapatikana kwangu." La nne huviwezesha vifaa vyenye mlango mmoja kutambuana na kumteua mmoja wao awe msambazaji wa fremu zinazotumwa kwa wote, ili mteja asipokee nakala mbili.

Uteuzi huo ndio jibu kwa fisi, na pia ni jibu kwa mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Vifaa viwili vinaweza kukaa zizi moja iwapo kila kimoja kinajua zamu yake kabla ya mzigo kufika.

3.0 Ubora wa Waraka

Ubora wa kwanza wa RFC 7432 umo katika namna unavyoshughulikia wingi. RFC 7209 ya mwaka 2014, iliyoweka mahitaji ya teknolojia hii, ilitaka muda wa mtandao kujirekebisha usitegemee idadi ya anwani za MAC. Sharti hilo lilikuwa zito. Kama nyuma ya mlango mmoja kuna anwani 10,000, na kila moja inapaswa kufutwa kwa tangazo lake, mtandao utaendelea kutuma mzigo kwenye mlango uliofungwa hadi tangazo la mwisho lifike. Waraka unalitatua tatizo hili kwa ufutaji wa jumla: kifaa kilichopoteza kiungo chake huondoa tangazo moja tu la aina ya kwanza, na vifaa vya mbali huzihamishia anwani zote za mlango huo kwenye kifaa kilichobaki. Neno moja linatosha kuarifu kuhusu wote.

Ubora wa pili ni kwamba kifaa cha mbali kinaweza kutuma mzigo kwa kifaa ambacho hakijawahi kutangaza anwani inayotafutwa, mradi kimetangaza mlango ilipo anwani hiyo. Hivyo, njia ya pili iko tayari kabla ya ya kwanza kufa. Katika hili waraka umetofautiana na mifumo mingi ya zamani ya Etheneti, ambamo kiungo cha akiba kilizuiwa na kukaa bure, na ubovu wake ukagundulika siku ya msiba.

4.0 Upungufu wa Waraka

4.1 Maiti haiagi

Ufutaji wa jumla unahitaji kifaa kilicho hai kitoe taarifa ya kiungo kilichokufa. Kifaa chenyewe kikizimika, hakuna wa kuaga. Waraka unalitambua jambo hili katika sehemu ya 17, inayozigawa hitilafu katika makundi matatu: zile za katikati ya mtandao, za vifaa vya ukingoni, na za kati ya kifaa cha ukingoni na mteja. Kwa kundi la kwanza waraka unategemea mbinu za MPLS zinazoweza kurejesha mawasiliano kwa takriban milisekunde 50. Kwa kundi la pili unasema kifaa cha mbali kitatambua kifo kwa kukatika kwa kikao cha BGP, na kwamba utambuzi huo unaweza kuchukua chini ya sekunde moja iwapo itifaki ya BFD inatumika.

Uzito wa kauli hiyo umo katika neno "iwapo". Bila BFD, muda wa kungoja unaopendekezwa na itifaki ya BGP ni sekunde 90. Zaidi ya hayo, katika mitandao mingi vifaa vya ukingoni havina vikao vya moja kwa moja baina yao. Hupitisha matangazo kwa mpatanishi wa katikati. Hapo kifaa cha Dar es Salaam hakishuhudii kifo cha kifaa cha Mtwara. Husubiri kuambiwa, au hutegemea itifaki ya ndani imjulishe kwamba anwani ya marehemu haifikiki tena. Waraka unazungumza kana kwamba kila jirani anaona dirisha la mwenzake.

4.2 Msiba wa mmoja kuwa usumbufu wa wote

Kanuni ya awali ya kumteua msambazaji hugawanya namba ya VLAN kwa idadi ya vifaa na kuchukua baki. Ichukuliwe kuwa vifaa ni vitatu, vyenye namba 0, 1 na 2. VLAN ya 10 huangukia kifaa cha 1, ya 11 kifaa cha 2, na ya 12 kifaa cha 0. Kifaa cha 2 kikifa, vifaa vinabaki viwili na hesabu hufanywa upya: VLAN ya 11 inahamia kifaa cha 1, jambo ambalo ni la lazima, lakini VLAN ya 10 nayo inahamia kifaa cha 0, ingawa kifaa cha 1 kilichokuwa kikiihudumia ni kizima. Mteja asiyehusika na hitilafu anasumbuliwa kwa sababu ya hesabu tu. Kifaa kilichokufa kikirudi, usumbufu hurudiwa.

Ni haki kusema kwamba watunzi wenyewe wa teknolojia hii waliuona udhaifu huo. RFC 8584 ya mwaka 2019 iliweka utaratibu mpya ambamo VLAN huhama pale tu kifaa chake kinapoondoka. Kwa hiyo lawama hapa haiwaangukii wanaoandika viwango bali wanaoendelea kutumia mpangilio wa awali kwa kuwa ndio uliokuja na kifaa.

4.3 Njia mbili, hatima moja

Upungufu mkubwa zaidi ni wa kimya. Waraka unapohesabu njia, huhesabu majina. Vifaa viwili vyenye anwani mbili ni njia mbili, hata kama vimo katika chumba kimoja, vinategemea jenereta moja, na kebo zao zimelazwa katika mtaro mmoja.

Jiografia ya kusini inaufichua ukimya huo. Barabara ya pwani kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara huvuka Rufiji, Matandu, Mbwemkuru na Lukuledi, na kila mto ni mahali ambapo vyote vinavyosafiri kando ya barabara hukutana katika upenyo mmoja. Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya kilichofika mwambao tarehe 4 mwezi huo viliikata barabara hiyo katika eneo la Somanga wilayani Kilwa. Magari ya kampuni zote yalikwama pamoja, kwa kuwa wingi wa kampuni haukuwa wingi wa barabara. Njia ya pili iliyo ya kweli ni ile ya kuzunguka kwa Masasi, Tunduru na Songea. Ni ndefu mno, lakini haishiriki mto hata mmoja wa pwani na ile ya kwanza isipokuwa karibu na mwisho wake. Kebo iliyokusudiwa kuwa akiba ya nyingine inapaswa kuulizwa swali hilohilo: je, inavuka mto uleule?

Funzo la pili lilikuja siku chache baadaye. Tarehe 12 Mei 2024, Seacom na EASSy zilikatika upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Msomaji wa RFC 7432 angeuliza njia ya kaskazini ilikuwa wapi. Februari mwaka huohuo, kebo kadhaa za Bahari ya Shamu zilikuwa zimekatika, ikiwamo ya Seacom. Miezi kadhaa njia iliyobaki ilibeba mzigo, na watumiaji wengi hawakuhisi lolote. Hapa ndipo ufanisi wa uelekezaji upya unapogeuka kuwa mtego: unapookoa hali bila kishindo, unaondoa pia hamu ya kutengeneza kilichovunjika. Mfumo uliobaki na njia moja hauonekani tofauti na mfumo wenye mbili, hadi hiyo moja nayo ikatike.

Anaweza kujitokeza mtetezi wa waraka akasema kwamba masuala ya mito na mitaro si kazi ya itifaki. Utetezi huo una nguvu, kwani RFC 4202 ya mwaka 2005 tayari ilitoa namna ya kuviwekea alama viungo vinavyoshiriki hatari moja. Lakini alama hizo hujazwa na binadamu, na binadamu huyo hana budi kujua kebo imepita wapi. Anayekodi njia kwa mwenzake huuziwa uwezo wa kupitisha mzigo, si ramani ya mtaro. Kwa hiyo pengo halimo katika uwezo wa itifaki bali katika maarifa ambayo itifaki huyachukulia kuwa yapo.

5.0 Suala la Istilahi

Kiswahili kimezoea kukiita kiungo cha pili "njia mbadala". Istilahi hii ni fasaha, lakini inapotosha kwa namna mbili. Kwanza, mbadala hushika nafasi ya kitu kilichoondoka, ilhali katika EVPN njia zote mbili zinaweza kubeba mzigo kwa pamoja. Pili, haisemi lolote kuhusu utengano. Barabara ya mchepuko iliyo mita 10 kando ya daraja lililobomoka ni mbadala, lakini mafuriko yaleyale yataifunika.

Ingefaa wataalamu wa istilahi watofautishe "njia pacha", yaani zile zinazohudumu pamoja lakini huenda zina hatima moja, na "njia huru", zisizoshiriki mto, chumba wala umeme. Tofauti hiyo ikiingia katika lugha ya zabuni na mikataba, mteja wa Mtwara ataweza kuuliza kwa neno moja kile ambacho sasa anahitaji aya nzima kukiuliza, na mtoa huduma atalazimika kujibu kwa ndiyo au hapana.

6.0 Hitimisho

Uhakiki umeonyesha kwamba RFC 7432 imefaulu kumfundisha fisi kuchagua, na kufanya hivyo kwa kasi ambayo mifumo iliyotangulia haikuweza. Ufutaji wa jumla na utayari wa njia ya pili ni mafanikio yasiyopaswa kubezwa. Hata hivyo, waraka unategemea utambuzi wa haraka ambao haujahakikishwa, kanuni ya awali ya uteuzi inasambaza usumbufu, na uhuru wa njia umechukuliwa kuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa. Kwa Mtwara, jambo hilo la mwisho ndilo linaloamua kama ghala litapata bei siku ya mnada. Mhandisi anayesanifu mtandao wa kusini hana budi kuanza na ramani ya mito ndipo afike kwenye jedwali la njia, na kila njia inapokufa kimyakimya, kifo chake kitangazwe kwa sauti ileile ambayo kingetangazwa kama hapangekuwa na nyingine.