Bunduki "Isiyopakiwa": Uhakiki wa Tafsiri ya Maelekezo ya Ufungashaji

Imetufikia karatasi ya kurasa nne yenye maelekezo kwa wanaosafirisha bunduki kwa ndege. Asili yake ni Kiingereza. Mfasiri hakutaja jina lake, nasi hatutaitaja ofisi iliyoitoa, kwa kuwa shabaha yetu si kumwaibisha mtu bali kuyapima maneno.

Huenda wapo watakaouliza tafsiri hii ni ya nini, maadamu mwindaji mgeni ashukaye Kilimanjaro au Dar es Salaam anajua Kiingereza. Jawabu letu ni kwamba mgeni huyo haishiki bunduki yake peke yake. Huipokea karani wa mizigo, huibeba mchukuzi, huikagua askari, huifungua afisa wa forodha. Hao ndio wasomaji wa karatasi hii, na wakiifahamu visivyo, madhara hayatamfika mwenye bunduki pekee.

Tuanze na kosa lililo kubwa kuliko yote. Ibara ya pili yasema: "Bunduki iwe haijapakiwa kabla ya kuwekwa ndani ya kasha." Ajuaye Kiingereza huliona neno 'load' chini ya sentensi hii kama aonavyo jiwe chini ya maji maangavu. Lakini katika Kiswahili kupakia ni kutia shehena chomboni: twapakia magunia katika lori, na boriti katika jahazi. Bunduki ambayo haijapakiwa ni bunduki ambayo bado iko chini, haijaingia ndegeni. Tulimwonyesha karani mmoja wa mizigo sentensi hiyo bila kumweleza lolote, naye akaifahamu hivyo hivyo, kisha akashangaa kwa nini aambiwe jambo lililo dhahiri kiasi hicho. Risasi hakuzifikiria hata kidogo. Hivyo sharti la kwanza la usalama limetoweka, na hakuna aliyegundua, kwa kuwa sentensi yenyewe haina kosa la sarufi.

Lugha haikuwa na upungufu wowote hapa. Zama za magobori watu walishindilia baruti. Bunduki za leo hutiwa risasi. Iandikwe basi "bunduki isiyo na risasi". Hata hivyo twauliza: isiyo na risasi wapi? Bunduki ya komeo yaweza kuondolewa magazini na bado ikabaki na risasi moja ndani ya chemba, nyuma ya mtutu, mahali ambapo jicho la mtu mwenye haraka halifiki. Twapendekeza zitajwe sehemu zote mbili, hata kama Kiingereza kimeziacha.

Kosa la pili linatokana na neno 'case'. Waingereza hulitumia neno hilo kwa ganda la risasi, kwa sanduku la bunduki, kwa mfuko wa kuitilia, na hata kwa shauri la mahakamani. Mfasiri, isipokuwa mahali pamoja tutakapopataja, ameliweka "kasha" kila lilipotokea. Kisha, kana kwamba mzigo huo hautoshi, ameita magazini pia "kasha la risasi", na baada ya mistari michache akalifupisha kuwa "kasha". Matokeo yake ni ibara ya tano: "Kasha liondolewe katika bunduki na kuwekwa mbali." Mistari miwili chini yake: "Kasha lifungwe kwa kufuli." Sisi tuliosoma kwa utulivu, tukiwa tumeketi, tulihitaji kurudia mara tatu. Mchukuzi aliyesimama na mzigo begani ataitoa bunduki sandukuni aiweke mbali, na kufuli ataitia katika sanduku tupu.

Kwa jambo hili Kiswahili ni tajiri mno: kuna sanduku, kasha, bweta, ala, mfuko, kifurushi, robota. Twaonelea kasha libaki lilipo, yaani kwa kasha kubwa la mbao ambamo bunduki nyingi hupangwa kwa safu, zimepakwa grisi na kushikwa na papi zenye mapengo. Bunduki moja au mbili za msafiri ziwekwe katika sanduku. Kifuniko laini cha kitambaa au ngozi mfasiri amekiita "ala", nasi twampongeza. Neno hilo lilikuwa la kisu na upanga, na halioni aibu kuvaa bunduki. Ganda liwe ganda. Magazini askari wameshaizoea, haina haja ya kubatizwa upya.

Sanduku lenyewe limeelezwa kuwa "lenye pande ngumu". Maneno haya yametoka katika kanuni za usalama wa ndege za Marekani, zinazotaka bunduki ya abiria iwe haina risasi, iwe ndani ya sanduku la namna hiyo lililotiwa kufuli, isafiri katika mizigo ya chini tu, na ufunguo abaki nao abiria. Lakini ngozi kavu nayo ni ngumu. Kinachokusudiwa ni kwamba mtu asiweze kuinua pembe ya kifuniko akapenyeza mkono, jambo linalowezekana kabisa kwa sanduku refu la plastiki lenye kufuli moja tu katikati. Sisi tungesema "sanduku lisilopindika, ambalo likifungwa halipenyezeki mkono". Ni maneno mengi kuliko ya asili, lakini yanaeleweka.

"Bunduki ifungwe vizuri" ni sentensi nyingine iliyotushinda. Ifungwe kwa kamba, kwa kitambaa, au kwa ufunguo? Asili inakusudia isitikisike. Bunduki ya kuwindia aghalabu huwa na urefu wa zaidi ya mita moja, na kitako cha mbao huvunjika upesi pale kinapokuwa chembamba, nyuma ya mtambo. Darubini nayo ikigongwa hupoteza shabaha hata kama kioo hakikupasuka. Sanduku gumu ambalo ndani yake bunduki inacheza halikingi kitu. Iandikwe "isitikisike ndani ya sanduku", na msomaji ataelewa kwamba anatakiwa kulinyanyua, kulitikisa na kusikiliza. Laiti mfasiri angeongeza pia kwamba sponji hushika unyevu, hivyo chuma kipakwe mafuta kidogo, na bunduki isiachwe humo baada ya safari. Kwa hewa ya pwani yetu onyo hilo lina thamani.

Kuhusu risasi, karatasi yaruhusu "uzito wa jumla wa kilo 5". Mume na mke wanaosafiri pamoja watauliza kama ni jumla yao wote wawili. Kanuni za kimataifa zaruhusu kilo 5 kwa kila abiria, uzito ukiwa pamoja na kifungashio, na haziruhusu abiria wawili kuunganisha vipimo vyao katika kifurushi kimoja. Basi isemwe "kilo 5 pamoja na kifungashio chake, kwa kila abiria".

La mwisho ni dogo lakini lilituchekesha. Abiria ametakiwa "aitangaze bunduki yake uwanjani". Kutangaza ni kazi ya mpiga mbiu! Sheria ya Marekani inawakataza wachukuzi wa mizigo hata kudai kwamba kifurushi kibandikwe nje maandishi ya kuonyesha kuwa ndani mna bunduki, maana wezi nao wanajua kusoma. Abiria na amwarifu karani, kwa sauti ya kawaida.

Ibara ya pili na ya tano tungeziunganisha hivi: "Bunduki isiwe na risasi chembani wala katika magazini. Magazini iondolewe. Bunduki iwekwe katika sanduku lisilopindika, isitikisike ndani yake. Sanduku litiwe kufuli, na ufunguo abaki nao abiria."