Operesheni Vijiji Buha: Mageuzi au Ghasbu?

Wapo waandishi wa historia wanaouita muongo uliofuata Azimio la Arusha la 1967 zama za maendeleo ya mnyonge. Ushahidi wao ni shule, zahanati na visima. Hatuyakanushi hayo, watoto wengi wa Kasulu na Kibondo walijua kusoma kwa sababu yake. Lakini wao wanahesabu kilichopatikana, ilhali fiqhi huuliza kwanza kilipatikanaje.

Operesheni Kigoma ilianza 1972, kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini ni amri. Sheria ya kuviandikisha vijiji ilikuja 1975. Yaani watu walihamishwa kwanza, sheria ikawafuata nyuma! Waha wa nyanda za juu, Murungu ikiwemo, walikuwa wakiishi kwa kutawanyika vilimani, kila mji na migomba yake. Na mgomba haubebwi kichwani. Aliyepelekwa kando ya barabara aliacha shamba la baba na babu yake, bila fidia.

Watetezi husema: ilikuwa maslaha ya umma. Basi tuyapime kwa mizani ya wanavyuoni. Imam Ghazali, katika Al-Mustasfa, ameweka masharti: maslaha yawe ya dharura, ya yakini, na ya watu wote. Yakini iko wapi, hali nchi iliagiza chakula kwa wingi nje mwaka 1974 na 1975? Ukame ulikuwa na sehemu yake, tunakiri, lakini kuwahamisha wakulima mashambani mwao hakukuwa dawa ya ukame.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipotaka kuupanua Msikiti wa Mtume (s.a.w.), Abbas (r.a.) alikataa kuitoa nyumba yake. Khalifa hakutuma askari. Walikwenda kwa Ubayy bin Kaab, naye akamhukumia Abbas. Ndipo Abbas akaitoa sadaka kwa hiari yake. Ikiwa msikiti wenyewe haukuhalalisha nguvu, kijiji kitahalalishaje?

Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, katika shauri lililotoka Arusha, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, haichukuliwi bila fidia ya haki. Mafakihi walikwisha kuyasema hayo karne nyingi nyuma: mwenye kughasibu hudaiwa kitu chenyewe, na kikiharibika hudaiwa thamani yake, na haki ya aliyedhulumiwa akifa huhamia kwa warithi wake. Wanaousifu muongo ule wameandika mengi juu ya visima. Juu ya deni la migomba hatujawasoma.